Kipimo, Mpika Kahawa wa Mkabala na Mahakama

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1988, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akamaliza sekondari mwaka 2005, ambako mwalimu wa kemia ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mkono wake haukukosea kupima.

Mwaka 2009 aliajiriwa katika mkahawa ulio mkabala na mahakama, akaanza kwa kuosha vikombe, na kufikia 2012 akakabidhiwa mashine ya kahawa. Mgeni aliyekodolea macho orodha ya ukutani hakuchekwa, alielezwa taratibu kwamba espreso ni kidogo na kali, kapuchino ina povu, na late ni maziwa yaliyopitiwa na kahawa njiani, ila mteja wa kila siku hakuagiza kabisa, aliketi tu na kikombe chake kikamfuata.

Aliolewa na fundi umeme tarehe 20 Desemba 2014, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi Februari 2024 vikombe vilianza kwenda kusiko, wakili wa kahawa nyeusi akapewa maziwa, karani asiyetumia sukari akapewa tamu kama asali, nao kwa kumpenda wakanywa kimya, wakinong'onezana, "Muacheni, mama watoto amechoka," naye kila jioni akamwambia mama yake, "Kazini shwari, mama, hakuna aliyelalamika, ni kichwa tu," mama yake akampa vidonge viwili akaendelea kufua.

Tarehe 17 Juni hakumtambua binti yake mkubwa. Madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo, wakauliza dalili zilianza lini, na hapo ndipo wateja walipohesabu vikombe, ikawa miezi minne, na uvimbe ulikuwa umeshapita mahali pa kukatwa. Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolea watoto, na wafanyakazi wenzake. Nanyi wateja, hatuna kinyongo, mlimstahi, hata sisi tulikuwa naye nyumba moja tusione, lakini mama yake ameomba hili lisomwe kama lilivyo: mdogo wake ameshika mashine ile tangu Jumatatu, na juzi alilalamika kuumwa kichwa, akikuletea kisicho chako usimwonee huruma, kirudishe, useme kwa sauti.

Pumzika kwa amani, mwanetu.