Nafasi Iliyoachwa kwenye Msalaba wa Jared Musau

Wazee wetu shikamooni, ndugu zetu wa Ukunda mliopanda huku Shimba Hills tangu alfajiri salaam alaykum, na wapendwa katika Kristo Bwana asifiwe. Naitwa Mumbe, binti wa pili wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ingawa hadi jana jioni familia hiyo hiyo ilikuwa haijakubaliana juu ya neno moja, na ndiyo sababu msalaba ule uliolazwa mezani una nafasi tupu mbele ya jina, na Kitsao aliyeuandika bado amesimama kando yake na brashi mkononi.

Neno lenyewe ni Kocha. Baba Mkubwa Mutinda, mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi, alisema kikaoni kwamba kocha ni mtu aliye na timu, "na ndugu yangu alikuwa na mabenchi na televisheni," kisha akaniambia kama nina hoja niiweke ndani ya historia, nisiwasumbue watu wakinywa chai. Nimeiweka, na uamuzi nimemwachia yeye.

Jared Musau alizaliwa tarehe 4 Machi 1953 huko Kangundo, Machakos, akiwa mtoto wa tatu, na mwaka 1956 aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake, wazazi walipopata shamba la makao mapya. Alikuwa akitusimulia kwamba kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ni ukungu wa asubuhi wa vilima hivi, umefuta mihogo, umefuta boma, na ndani ya weupe huo sauti ya babu ikiwaita ng'ombe kwa majina, na kila jina likiitwa ng'ombe mmoja anatokea, akiwa na umande mgongoni, hata yeye mtoto akaamini kwamba ng'ombe hawakuwepo mpaka walipotajwa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, kisha akasoma sekondari Kwale hadi kidato cha pili, alipoacha mwaka 1969 baada ya babu kufariki. Katika miaka yote hiyo hakuchaguliwa kwenye timu yoyote, si ya mpira, si ya kuvuta kamba, na Baba Mkubwa ni shahidi wa hilo, kwa sababu nahodha alikuwa yeye.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani kuosha vyombo, mwaka 1978 akawa mhudumu wa meza, na mwaka 1986, hoteli ilipobadilisha mitambo ya chumba cha wageni, alipewa televisheni kuukuu, deki ya video na katoni ya kanda, nyingi zikiwa sinema za michezo ambazo hakuna mgeni aliyezitaka. Tarehe 7 Juni 1987 alifungua ukumbi wa video Ukunda, yeye na Menza, jirani yake na fundi wa jenereta, ambaye yuko pale nyuma na najua hapendi kutajwa.

Wengi wenu mlikaa kwenye mabenchi yale Jumapili alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, nje jua la kupasua bati na ndani giza la samawati, na mnakumbuka jinsi theluji ya Marekani ilivyokuwa ikianguka polepole juu ya watu waliovua mashati kwa joto. Jenereta ilikuwa na kelele kuliko televisheni, na wale Wamarekani walikuwa wakiongea puani, kwa hiyo baba alisimama kando ya kioo, leso begani, akawasemea wote kwa Kiswahili, wachezaji, wake zao, waamuzi, na zaidi ya wote makocha. Mimi nilikua nikijua kwamba makocha wote duniani wana sauti moja, na kwamba wote wanatoka Machakos.

Kila tarehe 26 Desemba ukumbi ulipiga kura kumtafuta kocha bora wa sinema, na Kitsao akayaandika matokeo ukutani kwa rangi nyekundu. Wa nne alikuwa Kocha wa Theluji, wa wale wanaoteleza juu ya barafu, ambaye mvuke ulimtoka kinywani hata Fondo wa baa akasema, "Huyu anapumua kama sufuria ya wali, lakini matusi yake hayafundishi mtu." Wa tatu alikuwa Bi Filimbi, kocha wa wasichana wakimbiaji, na hapa naomba radhi ya msiba, lakini mwanamke aliyewatoa wasichana wanane mashambani akawafikisha fainali hawezi kuwa wa tatu miaka sita mfululizo bila kura kuibwa, na nilipolisema hilo, Rai, ambaye baadaye alikuwa mlinda lango wa timu yetu, alinijibu, "Mumbe, chuo umekwenda juzi, kura yako ni moja kama sisi." Wa pili alikuwa Kipofu, mwalimu wa ndondi aliyejua ngumi nzuri kwa mlio wake. Wa kwanza, kila mwaka, bila kupingwa, alikuwa Mzee Koti, kocha wa mpira wa kikapu katika mji wa wachimba migodi, asiyevua koti hata jikoni.

Alishinda kwa sababu ya hotuba yake ya mapumziko, vijana wake wamefungwa vibaya, wameinamisha vichwa, maji yanadondoka mahali fulani, naye anasema taratibu, "Kila mmoja wenu ana mtu nyumbani mliyemwambia kwamba ninyi ni wachezaji. Mlipomwambia, haikuwa kweli bado. Sasa mna nusu nzima ya kuifanya kweli. Inukeni."

Baba alifunga ndoa na mama yetu Syovata tarehe 12 Aprili 1975 katika kanisa letu hapa kijijini, wakajaliwa watoto watatu, Veronicah mwaka 1976, mimi mwaka 1977, na Cliff mwaka 1982. Mimi nilijiunga na chuo kikuu Nairobi mwaka 1996, nikawa katika timu ya mijadala, na mwezi Machi 1998 mwenzangu wa chumba, Atieno, alikodi kanda ya Mzee Koti, nami nikawakusanya wasichana wa bweni zima nikiwaahidi hotuba watakayozeeka nayo. Yakafika mapumziko, maji yakadondoka, na Mzee Koti hakusema neno lolote, aliinama, akamfunga mchezaji mmoja kamba za viatu, akatoka. Atieno akaniuliza, "Na hotuba?" Nilipiga simu duka la jirani wa ukumbi, nikamwambia baba kwamba yule mzee ni bubu, naye akacheka kidogo akasema, "Najua, mama. Nilimwona amekwama, nikamsaidia."

Ndugu zangu, hili nilipolieleza kikaoni Baba Mkubwa alisema kwamba basi marehemu aliwadanganya watu miaka kumi. Kwa heshima, Baba Mkubwa, hapana. Watu wa Ukunda walipoinua mikono Desemba baada ya Desemba hawakuwa wakimchagua Mmarekani mfunga kamba za viatu, walimchagua mtu aliyesema yale maneno, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yao na leso begani.

Mwezi Agosti 1997, vurugu zilipotokea Likoni na kuenea huku kusini, na watu wengi wa bara wakafunga mizigo, Menza alibeba televisheni na deki hadi nyumbani kwake, akazifunika kwa kanga za mkewe, akamtumia baba ujumbe kwamba vitu vyake vimelala salama. Wageni waliacha kuja, hoteli zikawapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo, na ukumbi ulipofunguliwa tena Januari 1998, watu waliokuwa wakipishana njiani bila salamu walijikuta benchi moja, mwanga ule ule wa samawati nyusoni, hakuna anayeweza kusema nani ni wa wapi. Ndipo wakaunda timu ya mpira, wakaiita Likizo, baba akawa anawafundisha kwa yale aliyoyaona kwenye kanda, mengine yakiwa ya mchezo mwingine kabisa.

Novemba 1998 koo lilianza kumuuma, Februari 1999 madaktari wakagundua saratani, na kufikia Aprili sauti ilikuwa imekwisha yote. Jumapili tarehe 13 Juni, Likizo walipocheza na Kibuyuni, alipelekwa uwanjani kwa kiti, na wakati wa mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili. Vijana walikaa kwenye nyasi wakimtazama, naye akafungua kinywa, akakifunga, kisha akainama kutoka kitini, polepole mno, akamfunga Rai kamba za viatu. Rai ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, "Kila mmoja wenu ana mtu nyumbani," na Fondo akaendelea, na Menza nyuma ya goli, mpaka uwanja wote ukawa unasema, watu wa bara na watu wa pwani, mfano wa watu wanaoota ndoto moja, na baba akiwatazama na midomo yake ikifuata. Fondo alifunga moja. Tulishindwa mawili kwa moja, nalo Baba Mkubwa alinikumbusha kikaoni.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 19 Agosti 1999 katika hospitali ya Msambweni, mama akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani wa Shimba Hills waliochimba na kupika, wafanyakazi wenzake wa hoteli, na Menza aliyeizima jenereta wiki hii yote bila kuombwa.

Tangu mwaka wa kwanza chuoni niliwaambia watu kwamba baba yangu ni kocha. Nilipowaambia, haikuwa kweli bado. Baba Mkubwa, wewe ulikuwa nahodha, na Kitsao anangoja uitikie kwa kichwa tu.

Lala kwa utulivu, baba, usihangaike na la kusema, maneno tunayo sisi.