Saipresi ya Mzee Hamdan wa Ole

Marehemu Hamdan bin Khatib Mmanga alizaliwa Ole, Pemba, tarehe 3 Agosti 1951, msimu wa karafuu. Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo kijijini, kisha skuli hadi darasa la nane, mwaka 1967.

Kazi yake ilikuwa kuotesha miche ya mikarafuu, na Ole nzima haikuwa na wa kushindana naye. Kwa miaka arobaini aliitia kivuli cha makuti, akaimwagilia asubuhi na jioni, nayo ikashika. Aliijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Hilo la pili ndilo lililomponza. Mwaka 2008, shamba la baba yao lilipogawiwa, alimwambia mdogo wake Suhail, aliyekuwa akifanya kazi misituni Lushoto, mbele ya wazee: "Wewe wajua miti ya bara. Karafuu tuachie wenyewe." Suhail akahamia Shumba, kijiji kingine cha Pemba, na ndugu hawa wa tumbo moja hawakusemezana miaka tisa. Inauma kulitaja leo, lakini Marehemu mwenyewe hakulificha.

Alimuoa Bi Ruweida binti Sleiman wa Jadida, Wete, tarehe 14 Aprili 1978. Mwaka 2017 binti yao Mwanawema alimletea mama yake miche mitatu ya saipresi, mti wa misitu ya bara, kutoka Lushoto, iwe pambo mbele ya nyumba. Mzee Hamdan akaitunza kwa ujuzi wake ule ule: kuti juu, maji mara mbili kwa siku. Wa kwanza ukafa, wa pili ukafuata, wa tatu ukaanza kukauka upande mmoja. Bi Ruweida akasema, "Fundi wa mti huu yupo Shumba, nawe wamjua."

Mzee alinuna siku mbili. Ya tatu akakata kijitawi, akakitia mfukoni, akapanda gari.

Suhail alikipokea mlangoni, akakigeuzageuza. "Mti huu haufi kwa kiu, kaka, wafa kwa maji. Na hilo kuti liondoe, wataka jua."

"Nimekuja kwa mti, lakini nna jengine," Mzee akajibu. "Siku ile nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

Suhail akaagiza chai. Kesho yake walikuwa wote Ole, wakiuhamishia mche ule kwenye tuta la mchanga, juani. Ulipona, ila upande uliokauka haukuchipua tena, kwani ndivyo saipresi ilivyo. Mgeni akiuliza, Mzee alicheka na kusema, "Hapo ndipo nilipotia ujuzi wangu."

Machi 2024 alipata kiharusi. Alitibiwa Wete, kisha akauguzwa nyumbani, na kila Ijumaa Suhail alitoka Shumba kuja kumkogesha na kumpunguza ndevu. Alifariki alfajiri ya Jumatano, 11 Septemba 2024, sawa na 7 Mfungo Sita 1446, akazikwa Ole baada ya sala ya Alasiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, Mwanawema, Hamzah na Shatha, wajukuu wanane, na ndugu mmoja.

Kabla ya kusaliwa, jamaa waliomba radhi kwa yeyote aliyekosewa na Marehemu. Suhail akajibu kutoka safu ya mbele, kwa sauti iliyofika hadi nje: "Mimi simdai kitu. Alinijia mwenyewe, angali mzima."

Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake na ampokee kwa rehema. Amin.