Mama Funguo Alikuwepo Kazini

Wapendwa wafanyakazi wenzangu, hamjambo? Mu wazima huko maofisini na majumbani? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila magoti yananisumbua kidogo. Ni mimi mpishi wa kantini. Kamati ya kuaga imeniomba niandike ukurasa huu wa jarida letu.

Tarehe thelathini mwezi huu mwenzetu mtunza funguo wa jengo la sayansi, tunayemwita Mama Funguo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Aliingia chuoni akiwa mfagiaji. Mtunza funguo wa zamani alipougua, yeye akashikizwa lile bunda la funguo kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Funguo mia moja na kumi na mbili, hazina alama hata moja, anazijua kwa kuzipapasa. Siku mkubwa mmoja alipojifungia chooni wageni wakimsubiri ukumbini, alimfungulia, akatazama pembeni, akaenda zake. Hakumwambia mtu ila mimi, na mimi leo nimeshindwa kunyamaza.

Basi likaja lile gonjwa. Chuo kikatoa waraka: anayeweza kufanyia kazi nyumbani abaki nyumbani. Mama Funguo naye akaomba, maana anaishi na dada yake mkubwa mwenye pumu. Ofisa utumishi akamcheka: "Mama, milango utaifungua kwa simu?" Akawa anakuja kila siku kwa miguu. Kwake alihamia stoo, na chakula cha dada yake akikiacha mlangoni. Mungu akamlinda yule dada.

Sisi tulikaa nyumbani, lakini nani hakumpigia simu? Mwalimu mmoja alitaka samaki wake wa ofisini walishwe. Mwingine alifuata miwani, akasimama kule kwenye maegesho akipiga kelele: "Iweke chini, mama, halafu rudi nyuma! Nyuma zaidi!" Friji ya maabara ya baiolojia ilipozimika, ni yeye aliyehamisha vichupa mia mbili, kimoja kimoja, profesa akimwelekeza kwa simu. Utafiti ule ulipopata tuzo, profesa alimshukuru hata fundi wa kompyuta. Mama Funguo hakutajwa. Mimi mwenyewe nilimtuma akakague jiko langu, wala sikumuuliza anaendeleaje.

Sasa sikieni linaloniuma. Wakati ule kitabu cha mahudhurio kilifungiwa kabatini, ati kalamu moja isipite mikono mingi. Kila mtu ajiandikishe asubuhi kwa kompyuta au simu ya kisasa. Simu yake yeye ni ya kubonyeza, na kompyuta hajawahi kuigusa ila kuifuta vumbi. Aliuliza, akajibiwa, "Wewe fanya kazi tu, tutaliangalia." Hawakuliangalia. Waliogusa simu wakiwa kitandani kisha wakajifunika tena, wameandikwa walikuwepo. Yeye, siku sabini na nne, ameandikwa mtoro. Limegundulika mwezi huu, faili lake likiandaliwa kufungwa. Cheti cha utumishi uliotukuka kimezuiwa, na Ijumaa ijayo faili litafungwa na neno hilo ndani yake.

Alipeleka daftari alimoandika kila mlango aliofungua na saa yake. Wakamwambia, "Daftari kila mtu anaweza kununua." Nikapeleka barua yangu mimi. Wakasema mpishi hakuwepo, waandike waliofunguliwa milango. Nimewapigia watatu. Mmoja yuko safarini, mmoja hakumbuki, wa tatu akaniambia, "Mpishi, mambo ya utumishi mimi siyaingilii." Huyo ni yule wa samaki.

Nimesali, na bado nina hasira. Mungu anisamehe.

Mama Funguo, asante kwa kila mlango. Ukapumzike, dada yangu, ulale mpaka uchoke kulala, na Mola akupe afya wewe na dada yako.

Nanyi wenzangu, keki na hotuba zitakuwepo, msijali. Lakini aliyefunguliwa mlango na mama huyu wakati ule, hata mara moja, aandike mistari miwili: siku gani, mlango gani, na saini yake. Ileteni kantini, nitaipeleka mwenyewe. Tafadhali nijibuni mapema, kabla ya Ijumaa.