Kinasa Sauti cha Kigango Chetu

Sogeeni, wanangu. Justus, zima hiyo mashine kwanza, maana maneno ya leo nataka niyaseme nikiwatazama machoni, na mwenye la kunijibu anijibu ningali na pumzi. Flavia, niinulie mto. Na wewe Mayala, usisimame mlangoni kama mgeni. Nimekuita mimi Kornel, ingia ukae hapa karibu na wanangu, hata kama wanakukunjia uso.

Nimewasikia mkigombana uani. Justus, unasema kinasa sauti ni cha baba yako, kwa hiyo ni chako, na atakayekuwa nacho ndiye atakayekuwa katekista baada yangu, kwa kuwa watu wa siku hizi hufuata kinachosikika mbali. Flavia, unasema wewe ndiye uliyekizungusha vijijini kwa baiskeli, juani na matopeni, basi nani akupite? Nyamazeni wote wawili. Padre alikikabidhi kigango, hakumkabidhi Kornel. Babu yangu alikuwa mpagazi wa njia ile ya misafara ipitayo Kwihara, alibeba pembe mpaka pwani na kurudi na vitambaa, na hakuna siku aliyoingia nyumbani akasema pembe ni zake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamkulijua sawasawa, kwa kuwa mwaka ule wa sabini na nne nyinyi mlikuwa kwa shangazi yenu Urambo. Operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji vipya ilipotufikia, waamini wa kigango kimoja waligawanywa vijiji vitatu, huyu huku, nduguye kule, na Padre alikuwa mmoja, na mvua ikinyesha gari lake halipiti. Akaniita parokiani akanipa mashine ile, akasema, "Katekista, mimi siwezi kufika kila mahali, lakini sauti yangu itafika." Nikanasa mahubiri yake, nikanasa kwaya, nikapanda baiskeli. Watu walilia, wanangu, kumsikia Padre wao chini ya paa la nyasi ambalo halijakauka. Kisha wakaanza kuniomba niwanasie salamu za ndugu zao waliopelekwa kwingine, nami sikumkatalia mtu.

Mayala hakupenda. Alikuwa mzee wa kanisa, akaniambia mbele ya watu, "Kornel, leo umetuletea sauti bila mtu, kesho utatuletea kanisa bila watu." Nikamjibu kwamba Mtume Paulo naye hakufika kila mahali, alituma barua, na hakuna aliyesema karatasi haina roho. Tukaacha kusalimiana. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi: kwa hasira zake akasema kilabuni kwamba mashine ya Kornel inanasa kila linalosemwa kijijini, na neno lile likafika kwa mwenyekiti wa kijiji, Masele. Hilo ndilo mnalolijua, na ndilo mnalomchukia kwalo.

Jumapili iliyofuata, tukiwa katikati ya wimbo, Masele akaingia na mgambo wawili. Hakuvua kofia. "Katekista, tumeambiwa humo mna maneno ya kupinga Operesheni. Ifungulie tusikie." Nami nilijua kilichomo. Mama Apolinaria alikuwa amemnasia salamu bintiye Getruda, aliyehamishiwa ng'ambo ya mbuga, na kwenye salamu zile alisema jinsi paa lake lilivyoshushwa chungu kikiwa bado jikoni, na jinsi makaburi ya wanawe yalivyobaki porini, minyaa ikiyafunika. Na mtu wa kijiji jirani alikuwa amekwisha kuchukuliwa kwa neno dogo kuliko hayo, alilolisema kisimani. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Ningekibonyeza, sauti ya yule mama ingefutika, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nikaondoa kidole. Nikasema, "Mwenyekiti, sauti za humu ni amana za watu. Aliyezinasa ni mimi, basi nichukueni mimi." Mgambo mmoja akanishika mkono akaupinda.

Ndipo Apolinaria akainuka, mwanamke yule aliyekuwa hawezi kutembea bila fimbo. "Masele, umeingia hujanisalimu."

Masele akababaika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine ya nini, mwanangu, na mwenye sauti nipo? Niulize mimi."

Akayasema yote, paa, chungu, makaburi, bila kupunguza neno. Mgambo wa pili akamwendea. Na aliyesimama kati yao, wanangu, alikuwa Mayala huyu. Alisimama tu, akamshika yule mama kwapani asianguke, akamtazama mgambo usoni, naye ana watoto sita nyumbani. Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine, mpaka kanisa zima lilikuwa wima. Masele akatafuta pa kuweka macho asipaone. Akachukua mashine na kanda, watu akawaacha.

Masika ile yote tulikaa bila mashine, na ibada haikukoma hata Jumapili moja. Masele mwenyewe alimruhusu Apolinaria kwenda kusafisha makaburi; sijui kwa huruma, sijui kwa aibu. Tuliporudishiwa mashine ilikuwa haizunguki, na Shaban, fundi wa redio wa pale Gongoni, Mwislamu wa watu, akaitengeneza akakataa ujira. Msimpite njiani bila kumsalimu.

Basi shikeni neno langu. Mashine itumieni, hata zitakazokuja kesho msiziogope, maana Injili haina haya ya kupanda chombo chochote. Lakini anayepeleka sauti sharti siku moja aende na miguu yake, kwa sababu mashine ilimnasa Apolinaria, ila kusimama naye haikuweza. Justus, uongozi wa kigango si shamba nikugawie. Waamini na Padre watachagua, na wakimchagua dada yako, utambebea betri. Shamba la mihogo ni lako. Nyumba ni ya Flavia. Mashine itakaa kanisani na ufunguo atashika Mayala, ndiyo, Mayala, msigune.

Flavia... maji kidogo. Kanda ile Masele ameirudisha juzi, alipokuja kunijulia hali. Apolinaria ametangulia, na Getruda hajawahi kuisikia. Mpelekee. Usimwachie ukaondoka. Kaa naye mpaka iishe, na ikiisha, kaa tena.

Mnizike kando ya mama yenu. Msinililie kwa kelele. Justus, mpe mkono mzee Mayala... mpe, nione. Hivyo. Mungu aliyewalinda wazee wetu njiani awalinde nanyi, awape chakula na cha mgeni, awape ulimi mzito wa hasira na mwepesi wa... mwepesi wa heri. Mkipendana nitakuwa nimepumzika. Mkono wa nani huu? Wa Flavia. Haya.

Mayala, ndugu yangu, ule wimbo tuliokatizwa siku ile... uanzishe wewe. Mimi nitafuata.