Abla Wadida na Mlango wa Darasa la Waw

Marehemu Wadida Girgis Bushra alizaliwa Mallawi, Misri, tarehe 12 Machi 1949, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alihitimu ualimu wa hesabu mjini Minya mwaka 1970. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Nagi Habib, karani wa simu, aliyemvumilia akisahihisha madaftari hata siku ya tatu ya fungate. Mungu aliwajalia binti mmoja, Sawsan.

Alifundisha miaka thelathini na nane katika shule moja ya kati, akiitwa Abla, kama walimu wa kike waitwavyo kwetu. Pale wanafunzi walipangwa kwa alama, katika madarasa yaliyoitwa kwa herufi za Kiarabu: vinara darasa la Alif, karibu na ofisi, wa mwisho darasa la Waw, jirani na vyoo. Watoto wa walimu, wawe na alama zipi, waliingia Alif. Ilikuwa heshima ya kazi, na hakuna aliyeihoji.

Septemba 1989 Sawsan alipata alama 31 kati ya 60. Mwalimu mkuu akamwandika Alif. Mama yake akalifuta jina.

"Abla Wadida, usijiaibishe! Mtoto wa mwalimu hakai Waw."

"Kwani Waw wanakaa watoto wa nani, Ustadhi? Wa paka?"

Akaomba yeye mwenyewe apewe Waw kufundisha. Sawsan alinuna mwezi mzima, ful, maharage yetu ya asubuhi, hakuigusa. "Umeniuza, mama," alisema. Wadida alilia jikoni, lakini hakurudi nyuma. Darasani aliwakalisha wanafunzi wawili wawili, aliyeelewa amweleze mwenzake, hata kama kelele zilifika ofisini. Mei ilipofika, mtihani ukiwa uleule kwa wote, Waw walianguka wawili, Alif wanne. Sawsan alipata 52. Mwaka uliofuata madarasa yalipangwa kwa kura, na hadi leo ni hivyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki nyumbani Jumanne, 14 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sawsan, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na watoto wote wa Waw. Aliacha pia agizo: "Kanisani msiwatengee wakubwa viti vya mbele. Kila mtu akae alipofikia." Ndiyo maana asubuhi hii Mkurugenzi wa Elimu ameketi nyuma ya muuza bajia za taamiya, na nguzo imemziba.

Mola ampumzishe kwa amani, na amketishe popote penye nafasi.