Pole Niliyompa Kocha

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana leo sauti yangu haifiki mlangoni. Nabintu, weka simu kifudifudi. Na wewe Héritier, kaa upande huu wa dirisha nikuone uso. Mkitaka kunijibu kwa Kiingereza mtanijibu, nimeshazoea, lakini mimi nitasema kwa Kiswahili, kwa sababu mtu hagawi urithi kwa lugha ya kuazima.

Jana daktari alizungumza nami mbele ya rafiki yangu Achieng, na hakunificha. Alivuta kiti akakaa kwanza, asiniambie akiwa amesimama, na hilo nimeliweka moyoni. Siku zangu ni chache. Nina miaka thelathini na saba, na wapo watakaosema huo si umri wa kuacha wosia, ila mzee wa nyumba ni yule aliyebaki, na tangu papa yenu atutoke miaka minne iliyopita, mzee wa nyumba hii ni mimi. Msilie sasa. Muda wa kulia upo. Sasa nataka masikio.

Nianze na vitu, maana ni vichache. Nyumba hii ya Sparkbrook ni ya kupanga, kwa hiyo msigombane juu ya kuta. Cherehani ni ya Nabintu, pamoja na vitenge vyote isipokuwa kile cha buluu, nitakachozikwa nacho. Koti la papa yenu ni la Héritier; mwaka jana lilikuwa linakupwaya, sasa mabega yameshalijaza. Nabintu atahamia kwa Achieng, kule Acocks Green. Unakumbuka alivyokuuliza, Nabintu, ungependa chumba cha rangi gani, ukadhani ni maneno tu? Kimeshapakwa. Mwanamke anayetoka zamu ya saa kumi na mbili kuwauguza wazee, kisha anapanda ngazi na brashi mkononi, huyo si rafiki tena, mwiteni mama mdogo.

Kiwanja cha kule nyumbani Uvira alikichukua Damien, baba yenu mdogo. Nimemchukia miaka tisa kwa ajili ya kiwanja kile, na chuki yangu haikujenga hapo hata choo. Mwachieni. Akipiga simu, pokeeni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niwaite. Kesho Jumapili, saa nne asubuhi, kocha Sukhvinder anachagua nani atakuwa kota-beki wa kwanza wa timu ya chuo, na wewe Héritier umemwambia dada yako kwamba huendi, utakaa nami. Usimkasirikie Nabintu kwa kunieleza. Nimekataa. Utakwenda.

Mimi mchezo huu sikuujua. Uliponiambia mpira wa Kimarekani nilikununulia viatu vya mpira wa miguu na vikinga ugoko, ukashukuru, ukavaa wiki nzima bila kunicheka. Baadaye ndipo nilipoona kwamba mpira wenyewe una ncha mbili kama papai, unarushwa kwa mkono, na yule anayeurusha, ndiye huyo kota-beki, ndiye anayewaambia wenzake wote pa kukimbilia. Wewe ni wa mwaka wa kwanza, nawe ukakitaka kiti hicho. Aliyekikalia ni Asif, wa mwaka wa tatu, kijana wa hapa Stratford Road.

Na ni Asif huyohuyo, kupanda basi kuliponishinda, aliyenipeleka hospitali kwa gari lake kila Alhamisi. Anawasha joto kabla sijatoka mlangoni. Kiti cha mbele anakisukuma nyuma ninyooshe miguu, wala hajawahi kutaja petroli. Basi mimi, kwa malezi niliyolelewa, nikaona vibaya: mtoto wangu anashindania kiti cha mkubwa wake, tena mkubwa anayembeba mama yake. Mwezi wa tisa nikachukua ndoo ya mandazi nikaja uwanjani, nikamwambia kocha kwa Kiingereza changu: sori kwa ajili ya mwanangu, sori, sori sana kwa kazi.

Nilikuwa nampa pole, wanangu. Pole kwa kufundisha kwenye mvua, pole kwa kusumbuliwa na vijana wawili wanaotaka nafasi moja. Achieng aliposikia kisa hiki alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaniambia, "Mama Héritier, watu wa huku ukiwapa pole wanaanza kutafuta umewakosea nini." Yule kocha mwema alinishika mikono yote miwili, akasema ameelewa, nami nikarudi nyumbani nikimsifu kwa adabu. Kumbe alichoelewa ni kwamba naugua na ninamwomba amwachilie mwanangu. Wiki iliyofuata jina lako likashuka chini.

Na wewe ulikuwepo. Ulisimama na kofia yako ngumu mkononi, ukasikia kila neno, ukajua kosa liko wapi, ukanyamaza, kwa sababu nilikufundisha kwamba mtoto hamsahihishi mama yake mbele za watu. Wiki sita umekaa benchi kwa ajili ya Kiingereza changu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeuona mti nilioupanda, na umenitia aibu kwa uzuri wake.

Nisingejua kamwe kama si Asif. Alhamisi iliyopita alizima gari hapa mlangoni, hakufungua mlango. Akasema, "Anti, Héritier anarusha kuliko mimi, timu nzima inajua. Kwa nini ulimtoa?" Akasema tena, taratibu, akiangalia usukani, "Sikitaki kiti nilichopewa na ugonjwa wako."

Sikia hapo, Héritier. Najua unavyohesabu kichwani: amembeba mama, nami nimwachie nafasi. Usithubutu. Wema wa Asif si wa kulipwa kwa kujificha chumbani kwa mgonjwa. Ukifanya hivyo unamgeuza mwema kuwa mchuuzi. Ukitaka kumlipa, nenda kesho ukashindane naye kwa nguvu zako zote, halafu siku mama yake akiugua, uwe wewe mlangoni.

Leo asubuhi nimempigia kocha, Achieng akitafsiri, nikamweleza pole ni nini. Akasema mandazi yalikuwa matamu, na kwamba nafasi iko wazi mpaka kesho saa nne. Lakini alisema na jambo lingine. Alisema mkono unao, ila unawaamuru wakubwa zako kama mtu anayeomba chumvi. Unasema tafadhali. Unatazama chini. Hilo nalo ni langu, mimi ndiye niliyekufundisha kuinamisha macho mbele ya waliokutangulia.

Basi leo nakufungua. Heshima si utumwa. Nyumbani utainama, kanisani utainama, lakini ukiwa nyuma ya mstari ule, watu kumi wanakungoja wewe, na kuwanyima sauti ndiko kuwakosea adabu. Ukubwa ni jaa: mpira ukipotea watakutupia wewe lawama zote, pokea, urushe tena. Na hutashindwa. Sisemi hivi kwa umama. Nimekuona miaka yote ukirusha soksi zilizokunjwa kutoka jikoni hadi juu ya ngazi, zikitua mikononi mwa huyu Nabintu naye hajainua macho kwenye simu. Asif akikushinda kesho, akushinde kwa mkono wake. Kitanda changu kisihusike.

Nipe maji, Nabintu. Kidogo tu. Asante, mama.

Achieng anakuja kesho saa mbili. Ukiwa uwanjani, na mimi nikaenda zangu... asikupigie mtu simu mpaka mchezo uishe. Nimeshamwambia. Msininunulie sanduku la fahari. Imbeni kwa Kiswahili, hata yule asiyejua maneno aimbe.

Leteni vichwa. Mungu aliyetuvusha mito bila mtumbwi, awavushe na hii. Mikono yenu isikose cha kutoa. Mkosane asubuhi, mpatane kabla ya chakula. Mpendwe na watu wasio wa damu yenu, kama nilivyopendwa mimi hapa. Amina. Semeni amina.

Bado moja, Héritier. Mimi ni mkubwa wako, na tangu uzaliwe hujawahi kuniamuru kitu. Niamuru. Niambie nilale.

Hapana. Hiyo tafadhali iondoe.

Sijasikia. Inua macho.

...Ndiyo. Hata jirani amesikia. Hivyo, mwanangu, hivyohivyo. Nimekusikia.

Nalala.