Fintan Gilhooly, Seremala Aliyekivunja Kitanda cha Uongo

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemlaza udongoni leo ni Fintan Gilhooly, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1941 hapa hapa Knockavarna, wilaya ya Roscommon, mtoto wa pili na kitinda mimba wa Bartley Gilhooly na mkewe Delia. Mzee Bartley alitaka mkulima wa kumrithi. Akapata mtoto anayekimbia ng'ombe na kupenda mbao. Dada yake Attracta, aliyemzidi miaka mitatu, ndiye aliyemkamulia zamu yake kila jioni na kunyamaza asimchongee.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha shule ya ufundi mjini Boyle, akahitimu mwaka 1957. Mabenchi mliyokalia sasa hivi ni kazi ya mikono yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkali kwa misumari iliyopinda na kwa yeyote aliyemharakisha. Chai yake ilikuwa nzito kama lami, na ole wako uiache kikombeni.

Mwaka 1969 alifika Lorcan Tansey, fundi wa umeme kutoka Sligo, kuvuta nyaya katika mitaa yetu. Alitafuta chumba, Fintan alikuwa nacho. Umeme ukawaka, kazi ikaisha, mafundi wenzake wakafungasha wakaenda zao. Lorcan akabaki. Kijiji kizima kikamwita mpangaji, na neno hilo likawasitiri wote, wao wawili na sisi tusiotaka kujua.

Maana sheria ilikuwepo, jamani. Mwanamume kulala na mwanamume mwenzake, hata nyumbani kwake, hata mlango ukiwa umefungwa, ilikuwa jela. Fintan alimfahamu kijana mmoja waliyesoma naye aliyeburutwa mahakamani. Kijana yule alipotoka alipanda meli kwenda Liverpool, na hata mama yake alipozikwa hakurudi. Kwa hiyo nyumba ya Fintan ilikuwa na vitanda viwili. Kila asubuhi Lorcan aliingia chumba cha pili, akavuruga shuka za kitanda ambacho hakuna aliyekilalia, asije jirani akachungulia akashangaa.

Mwezi Juni 1993, redio ikatangaza kwamba Bunge la Dublin limeifuta sheria hiyo. Fintan alikuwa na randa mkononi.

"Kwa hiyo jana nilikuwa mhalifu. Leo mimi ni nani?"

"Leo wewe ni mtu ambaye hajaosha vyombo," Lorcan akamjibu.

Fintan akacheka mpaka akalia, au pengine alikuwa analia tangu mwanzo. Lorcan mwenyewe anasema hajui. Kisha akachukua nyundo, akaingia chumba cha pili, akakivunja kile kitanda na kuzitia mbao zake motoni.

Vuli ile zamu ya Misa ya majumbani ikawafikia. Mnajua wenyewe mambo yake: nyumba hupakwa rangi, padre huja, na makoti ya wageni hulazwa kitandani. Sasa kitanda kilikuwa kimoja tu. Majirani wakakwama mlangoni pa chumba, kila mtu na koti lake mkononi, hakuna aliyetaka kutangulia. Bi Concepta Noone, jirani wa ng'ambo ya barabara, akawasukuma akapita.

"Mbona mmesimama kama mnangoja kuungama? Koti haliambukizwi dhambi! Yatupeni hapo tukasali."

Makoti yakarundikana, ila moja. Attracta alisali Misa nzima akiwa amevaa lake, jasho likimchuruzika, akaondoka bila chai. Alimpenda mdogo wake na aliliogopa Kanisa, na mapenzi na hofu havikupatana kifuani mwake. Miaka mitano hakukanyaga nyumba ile, na jambo hilo lilimuumiza Fintan kuliko sheria yoyote.

Wasifu kama huu huwa na habari za ndoa. Fintan hakufunga ndoa, kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kuingilia. Aliishi na mtu mmoja miaka thelathini, wakigombana juu ya chumvi na juu ya mbwa kulala ndani.

Agosti mwaka jana madaktari wa Galway walimkuta na saratani ya mapafu. Lorcan alimwogesha, akamnyoa, akamlisha uji wa shayiri kwa kijiko. Siku ya Krismasi Attracta akabisha hodi, sufuria ya supu mkononi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

"Dada, umechelewa," Fintan akamwambia. "Viazi vimepoa."

Wakala wote watatu.

Fintan alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Machi 1999, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lorcan.

Tangazo la kifo alilipeleka Attracta redioni. Jumatano mchana likasomwa: ameacha dada, mpwa, na mpangaji wake. Lorcan alikuwa jikoni akimenya viazi vya wageni wa matanga. Akaweka kisu chini.

"Mpangaji huhama, Attracta. Mimi nilihama lini?"

"Ningesema nini, Lorcan? Watu wanasikiliza!"

"Wanasikiliza mwaka wa thelathini huu."

Attracta akatoka nje. Hadi jana hakuna aliyejua Lorcan atasimama wapi leo, nyuma ya jeneza pamoja na wafiwa, au kule mlangoni pamoja na wageni. Yeye mwenyewe hakuuliza. Alipiga pasi suti yake akakaa akingoja.

Asubuhi hii Attracta alimwita binti yake Nuala, anayewasomea maneno haya.

"Nani alimfumba macho mjomba wako?"

"Mjomba Lorcan, mama."

"Basi msome yeye kwanza, mimi nitafuata. Na padre akikuuliza, mwambie mama yako ndiye kasema."

Karatasi za ibada mlizo nazo mikononi zilichapwa jana. Fuateni mnachokisikia sasa.

Fintan Gilhooly amemwacha Lorcan Tansey, mwenzi wake wa maisha. Dada yake, Attracta. Na mpwa wake, Nuala. Mungu ampokee, ampe pumziko la amani.